Sahihi ya Keshia wa Mbali

Amoit aliipata ndani ya bitana ya koti,
koti zito la sufu, la nchi ya theluji,
lililotoka kwenye robota Jumanne, sokoni Tororo.
Akaniletea imekunjwa mara nne, akicheka:
"Mzee Oketcho, wewe mwenye makaburi ya pesa,
huyu naye mzike."
Nikampa elfu tano zilizo hai.
Akaondoka mbio kabla sijabadili nia.

Nikaitandaza mezani, chini ya taa,
nikainyoosha taratibu kama mtu anayeamsha mtoto.
Noti pana kuliko kiganja, rangi ya chai iliyomwagika.
Dola kumi. Na jina la benki, tena benki ya mji:
Benki ya Kwanza ya Orrin Falls,
mji nilioutafuta kwenye atlasi ya binti yangu Nyafwono
nisiuone, hata kwa kioo cha kukuzia.

Fikiria.
Mji wa kinu kimoja, labda, na kanisa,
na barabara ya vumbi kama hii yetu ya Osukuru,
ukachapa jina lake juu ya pesa
ukasema: njooni, tutalipa.
Tororo haijawahi kusema hivyo.
Tuna mwamba unaoonekana toka Kenya,
tuna saruji inayotupaka unga hadi kwenye kope,
lakini shilingi yenye jina letu, hata ya senti,
sijaishika.

Chini kushoto kuna sahihi.
Haikuchapwa. Ni ya mkono, wino umechujuka ukawa kutu.
Keshia. Jina limeliwa; zimebaki herufi tatu na mkia.
Namjua huyu mtu.

Miaka kumi na tisa nilikaa dirishani, benki ya ushirika,
nikitia sahihi vitabu vya wakulima wa pamba.
Asubuhi niliandika jina zima, O mpaka o.
Jioni, foleni ikifika barabarani,
jina langu lilikuwa mstari na nukta.
Na huyu hapa amechoka, mkia unaning'inia.
Hii ni noti ya jioni.

Nimemfungulia albamu.
(Ilikuwa ya harusi. Picha nilizihamishia bahasha;
Awor hajanisamehe.)
Humo imelala ishirini ya Bodi ya Sarafu,
mia ya enzi ya askari, mende wameitoboa,
na bunda la zile za kabla ya themanini na saba,
mwaka walipokata sifuri mbili
kisha thelathini kwa kila mia iliyosalia.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.
Daftari lilikuwepo. Nililiandika mimi.
Nyachwo alikuja na pesa zake ndani ya kibuyu,
pesa za mabati, alizoziweka misimu sita.
Nikahesabu mara mbili, vidole vikinuka kibuyu,
nikamrudishia za misumari.
Hakuitazama picha ya ukutani.
Alinitazama mimi,
kwa kuwa jina la kwenye risiti lilikuwa langu.

Nawe, Herufi Tatu,
siku ile benki yako ilipofunga (maana ilifunga,
la sivyo ungefikaje Tororo ndani ya koti?),
nani alisimama mbele ya dirisha lako?
Alileta kibuyu, au kopo, au soksi?
Ulisema nini? Mimi nilisema: "Anayefuata."

Dalali wa Kampala amepiga simu, ametaja laki tatu.
Nimemwambia mtandao unakatika.
Nimeiweka ukurasa mmoja na nakala ya kaboni ya Nyachwo,
uso kwa uso, wazungumze wenyewe.

Awor amesimama mlangoni na kanga begani.
"Hiyo inanunua nini?"
"Hainunui kitu."
"Basi zima taa," anasema,
"umeme bado unanunuliwa."